Msimamizi anafungua linki, traki haipo

SWALI: Mambo vipi mjibu maswali, mimi nasoma masta hapa Moshi, nafanya utafiti wa selimundu. Nilitengeneza faili la BED (orodha ya sehemu za jenomu, kila mstari sehemu moja) lenye sehemu ninazozifuatilia kwenye HBB, jini yenye badiliko la selimundu, nikalipandisha kwenye brauza ya jenomu ya UCSC, tovuti ya kutazamia DNA ya binadamu, traki (ule mstari unaoonyesha data zangu) ikatokea fresh tu, basi nikakopi linki ya pale juu nikamrushia msimamizi wangu aliyeko Arusha kwa WhatsApp. Ijumaa hiyo ilikuwa vurugu, nikihama sehemu na yeye anajikuta kahama, akizima traki na kwangu imezimika. Jumatatu kafungua tena, traki hamna kabisa, na anadhani namzingua. Tatizo nini? (Wa Soweto, Moshi)

JIBU: Pole mdogo wangu, faili lako halina neno, shida ni linki. Hebu itazame vizuri hiyo uliyotuma, ndani yake kuna hgsid halafu linafuata linamba lirefu. Hiyo ndo sesheni yako wewe, yaani mpangilio wa skrini yako pamoja na traki zako, yenyewe hasa, kwa hiyo mkawa madereva wawili usukani mmoja. Na kule kupotea ni kwamba traki uliyopandisha bila kusevu sesheni UCSC wanaihesabia masaa 48 tangu iguswe mara ya mwisho, sasa kama wikendi nzima hakuna aliyefungua, Jumatatu ulitegemea nini.

Fanya hivi. Fungua akaunti pale pale kwao, ni bure, ingia menyu ya My Data kisha My Sessions, ipe sesheni jina, sevu, na hakikisha umeruhusu watu wengine waifungue. Linki ya kutuma inakuwa fupi, genome.ucsc.edu/s/ halafu jina lako la akaunti halafu jina la sesheni. Msimamizi akibonyeza anapata nakala yake, avuruge anavyotaka, ya kwako haiguswi.

Ila kama faili unalibadilisha kila siku mi ningekushauri njia nyingine: liweke kwenye seva yoyote inayofikika kwa intaneti, halafu linki unaitunga mwenyewe, unaanza na genome.ucsc.edu/cgi-bin/hgTracks?db=hg38&position=chr11:5225000-5230000&hgct_customText= (chr11 ni kromosomu ya 11) na mwishoni kabisa unabandika anwani ya faili lako. Inaonekana ndefu na mbaya lakini ukishaielewa hutaki tena nyingine, maana kila kitu kipo wazi, jenomu ipi, sehemu ipi, faili lipo wapi.

Hapo kwenye db, yaani toleo la jenomu, usipitie haraka, maana hg19 ni toleo la zamani na hg38 ni la baadaye, namba zake hazifanani. Badiliko la selimundu, linalojulikana kwa namba rs334, kwenye hg38 liko 5227002, kwenye hg19 liko 5248232, kwa hiyo namba za hg38 ukizifungulia hg19 traki inatokea bila kulalamika, ila imekaa herufi 21,230 za DNA pembeni na pale mtu anaona kitu ambacho hakipo. Na BED inaanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo mstari wako wa hg38 uwe chr11 5227001 5227002, sio vinginevyo.

Mafaili makubwa ya BAM (vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) au bigWig (data za grafu) usihangaike kuyapandisha, bando litakwisha bure. Yanakaa kwenye seva, brauza inachota kipande kile tu unachokitazama, ila BAM lazima iwe na faili lake la .bai, yaani faharasa yake, hapo hapo pembeni. Google Drive achana nayo kwa kazi hii, haitabiriki, leo inakubali kesho inagoma.

Na kama ndani ya hilo faili kuna data za wagonjwa, usitume kwanza. Linki hizi hazina paswedi, aliyenayo anafungua, na WhatsApp unaijua mwenyewe, kitu kikishafowadiwa mara mbili hujui tena kiko kwa nani. Ongea na msimamizi muangalie kibali chenu cha maadili kinaruhusu nini, na nakala ya faili ibaki kwenye kompyuta yako pia.