Kanali aliyewapigisha kura watu wake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki ni kama kiongozi anayefuata walio wengi anastahili lawama. Mimi namjadili yule anayewauliza hao wengi, kwa sababu sisi Wamoravian tunacho kisa hiki. Nilisimuliwa na babu, mzee wa kanisa kule Rungwe.

Mwaka 1782 vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa havijaisha. Walenape, Wahindi Wekundu wa Marekani, waliobatizwa na wamisionari wetu walirudi kijiji chao cha Gnadenhutten, Ohio, kuvuna mahindi waliyoyaacha shambani, kwani walikohamishiwa na washirika wa Waingereza njaa ilikuwa kali. Wakafika mgambo wa Pennsylvania chini ya Kanali David Williamson, wakitafuta wa kulipiza kisasi kwa jamaa zao waliouawa. Wakawaambia wanakijiji kwa upole kwamba watapelekwa Fort Pitt, ngome ya Wamarekani, wakalindwe. Wanakijiji wakakabidhi bunduki zao. Wakafungwa.

Ndipo Williamson akawauliza watu wake: tuwapeleke Fort Pitt au tuwaue? Anayetaka waishi atoke mbele. Walitoka wasiofika 20. Mateka wakaomba usiku mmoja wa kujiandaa, wakaimba, wakasali, wakaombana msamaha. Babu akifika hapo alikuwa anavua miwani. Tarehe 8 Machi waliingizwa katika nyumba mbili, wanaume huku, wanawake na watoto kule, wakapondwa vichwa kwa nyundo ya mbao. Watu 96, watoto wakiwa 39. Walionusurika ni wavulana wawili tu.

Nilianza barua hii nikitaka kusema Williamson ni muuaji, basi. Lakini mgambo wale walijichagulia makamanda wao wenyewe. Miezi michache baadaye, wakielekea kupigana Sandusky, huko huko Ohio, walimpa William Crawford uongozi kwa tofauti ya kura chache, na Williamson akawa wa pili. Amri yake ilikuwa na nguvu gani kwa watu kama hao? Tena hakushtakiwa kamwe. Wananchi wa Washington County, Pennsylvania, wakamchagua kuwa sherifu, wakijua. Alikufa mwaka 1814, amefungwa kwa madeni.

Kwa hiyo lawama naigawa, na fungu kubwa naona ni la waliopiga kura ya kuua. Pengine nakosea kuwahukumu watu wa vita nikiwa nimekaa barazani. Na kama angeuawa kwa kukataa, ningemwachia kabisa. Ila wale wachache waliotoka mbele hakuna aliyewagusa.

Msomaji, Mbeya