Chai ya kupunguza tumbo imenitoa kilo 5 na zimerudi, niongeze pakiti?

SWALI: Asalaam alaykum. Mie ni mama wa miaka 43, nipo Chake Chake, kilo 92 na urefu sentimita 160. Nina presha, natumia vidonge viwili kwa siku, kimoja ndo hichi cha kukojoza. Nilinunua chai ya kupunguza tumbo kwa dada mmoja anauza kwenye status, nikawa nakunywa kila usiku naharisha, na wali nikaacha kabisa, siku 10 nikapungua kilo 5. Nikasita wiki moja kwa ajili ya arusi ya mtoto wa kaka yangu, kilo 4 zimerudi na miguu imevimba, na usiku misuli ya miguu inanikaza mpaka naamka. Aliyeniuzia anasema mafuta sugu bado hayajatoka, niweke pakiti mbili. Niongeze au niende na maji ya ndimu na asali? Na nile nini?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Usiongeze, na hiyo pakiti moja pia usiinywe tena, hata leo usiku. Chakula tutakizungumza lakini kwanza hiyo miguu inayokukaza, maana hiyo ndo iliyonifanya swali lako nilijibu mbele ya mengine yote.

Kidonge cha kukojoza kinashusha presha kwa kutoa maji na chumvi kwenye mkojo, na vingi vya aina hiyo vinatoka na madini ya potasiamu humo humo. Hiyo chai inayokuharisha nayo inatoa potasiamu, yenyewe kwa njia ya choo. Sasa wewe umekaa siku 10 unapoteza huku na huku na chakula chenyewe umekipunguza. Misuli inahitaji potasiamu ili ikaze na iachie vizuri, ikipungua unaanza kuona miguu inakaza, mwili mzito, uchovu usioeleweka, na ikizidi kushuka tunafika kwenye moyo, kwa sababu moyo nao ni msuli, unaanza kupiga bila mpangilio na mtu anaweza kuanguka akafa. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda hospitali na vidonge vyako vyote na pakiti ya chai mkononi, waambie unatumia cha kukojoza na ulikuwa ukiharisha, wakupime potasiamu kwenye damu na waangalie na huo uvimbe wa miguu. Vidonge vya presha usiviache kwa uamuzi wako. Na habari ya chai usimfiche daktari, wengi wanaficha kwa kuona haya, ikawa daktari anahangaika na dozi za presha kumbe tatizo limo kwenye kikombe cha usiku.

Sasa hiyo chai ni nini. Yako sijaiona lakini nimeletewa pakiti nyingi za aina hii, nyengine zimeandikwa Kichina, nyengine hazina maandishi yoyote, pana picha tu ya kiuno cha mwanamke kimezungushiwa futi. Mama mmoja alikuja nayo kashakunywa miezi miwili, nikakichana kifuko nikamwaga kwenye sahani nyeupe mbele yake. Vijani vikavu vyembamba vyenye ncha, kijani kilichopauka, na vipande vya ganda bapa kama la kunde iliyokanyagwa. Akachukua kimoja akakinusa, akanitazama, akasema "hii si sanamaki hii?" Sanamaki. Ile ile ambayo bibi zetu walitupa tukifunga choo, ipo Darajani kwa wauza dawa za miti na kila mtu mzima Unguja na Pemba anaijua kazi yake. Yule mama alilia, na si kwa pesa zake, alilia kwa sababu lau angeambiwa jina tu asingeinywa hata wiki.

Sanamaki ni dawa nzuri kwa mtu aliyefunga choo, kwa siku chache, wiki ikipita uonane na daktari. Lakini kazi yake iko kwenye utumbo mpana. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mdogo ambao unatangulia, sukari imeshaingia mwilini, mafuta ya chapati yameshaingia, kinachofika utumbo mpana ni makapi na maji. Ukiharisha mara 6 usiku hujatoa wali wala chapati, umetoa maji na madini.

Na hapa ndo pananiumiza zaidi ya pote. Wauzaji wanawaambia wanawake waangalie choo, wakiona utelezi mweupe mweupe ndo mafuta yanatoka, na kuna wanaotumiana mpaka picha. Jamani ule ni ute wa utumbo, utumbo una ute wake wa kujilinda na ukiuchokoza kila usiku utautoa. Mafuta ya kiunoni hayana njia ya kwenda chooni, hakuna mfereji kutoka kwenye tumbo lako la nje mpaka kwenye haja kubwa. Yamo ndani ya seli chini ya ngozi na kuzunguka matumbo, na mwili ukiyatumia yanavunjwa yanakuwa hewa ya kaboni dioksaidi na maji. Katika kila kilo 10 za mafuta yaliyotumika, kilo 8 na kitu zinatoka kwa pumzi, hivi hivi unavyopumua, zilizobaki ndo maji ya mkojo na jasho. Watu nikiwaambia wanashangaa, hata watu wa afya nimewaona wakishangaa. Kwa hiyo anayekuonesha mafuta chooni ama hajui anachouza ama anakudanganya, na mie nimeshachoka kuwatetea kwamba hawajui, maana wengine nimewaeleza mwenyewe na wiki ya pili wanapost picha zile zile.

Piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Kilo 5 ni 38,500, kwa siku 10 ni karibu 3,900 kila siku. Mwanamke wa umbo lako kwa siku nzima anatumia 2,000 na kitu. Yaani hata ungekaa siku zote 10 bila kutia kitu mdomoni zisingetoka kilo 5 za mafuta. Zimetoka wapi basi? Ulipoacha wali ghafla mwili ukala akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, akiba hiyo ni kama nusu kilo tu lakini kila gramu yake inakaa na kama gramu 3 za maji, ikiondoka inaondoka na maji yake, ukiongeza na maji uliyoharisha ndo zile 5. Umefika arusini umekula biriani, akiba imejaa na maji yake yamerudi, halafu mwili uliokaushwa siku 10 ukiachiwa unayang'ang'ania maji kwa siku kadhaa, ndo mtu anavimba. Na huu uvimbe ndo unaowarudisha kwa muuzaji, mtu anajiona kavimba anasema mafuta yamerudi mara mbili, anaanza pakiti upya, anaharisha, anaona kapungua, anaamini. Nawajua watu wamezunguka hivo miaka mitatu na kilo ni zile zile.

Maji ya ndimu kunywa ukiyapenda, hayayeyushi kitu. Asali ni sukari, kijiko kikubwa cha asali kina kalori 60 na zaidi, cha sukari nyeupe hakifiki 50.

Wali usiuache, utaurudia tu na utaurudia kwa njaa. Na wengi wanaoacha wali wanahamia kwenye muhogo, shelisheli na ndizi wakidhani wamepunguza, vyote hivyo ni wanga, na muhogo wa kuchemsha ukiupima kwa gramu hauwi mwepesi kuliko wali, sembuse wa nazi. Kinachotuharibia sisi ni kipimo, na kipimo kinapotea kwenye sinia. Watu watano mmezunguka sinia moja, unakula kwa kufuatana na wenzio, mpaka mnanawa hakuna anayejua kala kiasi gani, na mboga ni kibakuli kimoja kiko pembeni kila mtu kachovya mara mbili. Sikwambii usile na watu wako. Kabla hujapakua sinia jichotee chako kwenye sahani, upawa mmoja wa wali badala ya mitatu, kipande cha samaki kama kiganja chako au maharage au choroko, na nusu nzima ya sahani iwe mchicha, mtoriro, bamia au kachumbari, halafu kaa nao hapo hapo na sahani yako. Wiki ya kwanza watakusema, mwanzo wa mwezi wa pili utaona na dada mtu kachukua sahani.

Tui nalo. Kuna nyumba siku moja panapikwa wali wa nazi, mchuzi wa nazi na mchicha wa nazi, umekula tui mara tatu kwenye sahani moja. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au ya protini ina 4, na tui ni mafuta hata kama limetoka kwenye nazi ya shambani kwako. Chagua chakula kimoja ukitie kasimile yake, lile tui zito, ukifurahie, vyengine vipike bila ya tui. Samaki wa chukuchuku mwenye ndimu na pilipili mbichi hana shida na mtu, ndo tuliolelewa nae. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko usimimine kutoka kwenye dumu, kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120.

Halafu chai, na hapa sizungumzii hiyo ya pakiti, nazungumzia chai yetu ya kila siku. Kila mtu ananiuliza wali hakuna anayeniuliza chai. Asubuhi vikombe viwili, saa kumi kimoja, usiku kimoja, kila kikombe vijiko vitatu, hivo ni vijiko 12, karibu gramu 50 za sukari kabla hujahesabu andazi, juisi ya ukwaju wala soda. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Punguza kidogo kidogo, nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea wala hutoona. Hii peke yake kuna watu imewapunguza bila ya kubadilisha kitu chengine.

Na tembea. Nusu saa jioni inatosha kuanzia, Gombani hapo kwenu ni pazuri, potasiamu ikishakaa sawa lakini, sio kesho.

Kilo nusu mpaka kilo moja kwa wiki ndo mwendo wa kweli, na kuna wiki mizani haitosogea kabisa na usihangaike. Chukua futi ya cherehani upime kiuno kila Ijumaa asubuhi, kwa mwanamke ikipita sentimita 88 hatari ya presha, sukari na moyo inakuwa kubwa, na mara nyingi kiuno kinaanza kuonesha kabla ya mizani. Wewe ukipungua asilimia 5 tu, kilo 4 na nusu, presha yako inaweza kuanza kushuka, na ikishuka daktari ndo atakaeamua habari ya vidonge.

Sasa nasema na wengine wote maana najua Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inakuja na mabiarusi wameshaanza kutafuta. Chai za sanamaki angalau zinakuharisha ukajua. Kuna vidonge vinauzwa kwa jina la miti shamba asilia vinakata njaa siku nzima, mdomo unakauka, usingizi hupati, moyo unakwenda mbio, na muuzaji anakwambia ndo dawa inafanya kazi. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimevipima vidonge vya namna hii zikakuta ndani mna sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Kwenye pakiti haikuandikwa, imeandikwa majani tu. Kidonge kikikukata njaa kwa saa moja kama umezimwa swichi, shuku kuna kitu kimetiwa. Kama bidhaa haina orodha ya vilivyomo, haina jina la kiwanda, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hawaijui, usiitie mdomoni hata kama dada yako wa tumbo moja ndo anaiuza.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari, ukiacha kula ghafla huku dozi ni ile ile sukari inashuka chini mpaka unazimia, kwa hiyo mpango wowote wa kupunguza mwili uanze na daktari wako. Anayenyonyesha asiguse dawa wala chai hizi, mwili utapungua kwa chakula na muda. Na wewe uliyekwisha kunywa, ukiona moyo unaruka au unapiga mbio umekaa tu, kizunguzungu kila ukisimama, mkojo kidogo umekoza rangi, au mikono na miguu haina nguvu, usingoje kuche na usianze kwa kumpigia aliyekuuzia. Nenda hospitali usiku huo huo, na pakiti uichukue.