Barua kwa mwanangu: wamekaa kimya

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma juzi usiku nikairudia asubuhi, unaniuliza wiki ya sita sasa tangu usaili wa mwisho na wako kimya, je uwaandikie kuwauliza au utaonekana kero. Ntakujibu. Ila kuna kitu umekipitia juu juu kama vile hakina uzito na mimi ndo kimeninyima usingizi, eti kwenye usaili wa nne yule kaka wa HR akakuuliza umeolewa, na mtoto unatarajia lini. Umefanya mtihani wa kwenye kompyuta, umejirekodi video ukijibu maswali yao, umewaandikia mpango wa mauzo kurasa kumi na mbili bila hata nauli, alafu mwisho wanauliza habari za tumbo lako.

1998 unaijua maana ndo mwaka wako. Zile mvua za El Niño. Niliitwa usaili wa kazi ya uhazili Dar, nikapanda basi kutoka Morogoro nikafikia kwa shangazi yako Magomeni, wewe una miezi mitano tumboni, usiku shangazi akanitolea gauni lake pana akasema vaa hili wifi, hawatajua. Sikulivaa. Mpaka leo najiuliza ningelivaa ingekuwaje, tulikuwa na shida kweli, mshahara wa baba yako wa ualimu unaujua, saa nyingine naona ni kiburi tu kilinisumbua. Alafu nageuka najiambia kiburi gani, kwani mtoto ni wa kuficha?

Tulikuwa wasichana kumi na mmoja. Wakaanza na hatimkato, yale maandishi ya alama za mkato, mtu anasoma sisi tunaandika, kiwango maneno 80 kwa dakika moja, Kiswahili na Kiingereza, na mimi pale Chuo cha Uhazili Tabora nilishafika 100 kwa Kiswahili. Wenzangu wakawa wanaachia mistari. Ikaja taipureta. Mwanangu, nilichapa ile barua bila kufuta hata herufi moja! Mama mmoja msimamizi akaichukua karatasi yangu akaenda nayo dirishani akaiinua kwenye mwanga, anatafuta alama ya ufutio, haoni. Akaniambia "binti, wewe umefundishwa ukafundishika." Nikaingia kwa wakubwa watatu nikiwa na furaha yangu yote. Yule wa katikati karatasi hata hakuigusa, akaniangalia hapa chini akasema "huyo unamtegemea lini?" Nikasema mwezi wa sita. Akasema haya, tutakuandikia.

Baba yako akawa kila Ijumaa akitoka kufundisha anapitia posta kufungua sanduku la shule. Kila Ijumaa. Mvua zikaisha, ukazaliwa, ukaota meno, hawajaandika. Hata ya kukataa hawakuandika. Ndo maana wewe na kaka zako nimewaambia miaka yote, aliyeitwa ana haki ya kujibiwa.

Najua utasema mama, siku hizi nafasi moja inaombwa na mamia ya watu, nani awajibu wote. Na ni kweli, ambaye hawakumwita hata mara moja sawa, siwalaumu sana. Lakini umesema mwenyewe mliofika mwisho mlikuwa watatu. Watatu! Na walipotaka kubadilisha muda walikupigia saa tatu usiku, kwa hiyo namba wanayo. Aliyeitwa ana haki ya kujibiwa, na aliyeitwa mara tano ndo usiseme.

Alafu nyie mna kitu ambacho mi sikuwa nacho. Mjomba wako alivyokuwa kwenye chama cha wafanyakazi alinisomea mwenyewe ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, mwajiri haruhusiwi kubagua mtu kwa jinsia yake wala ndoa wala ujauzito, na pale mfanyakazi ni pamoja na anayeomba kazi. Nilimwambia soma tena. Akasoma tena, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sasa kuulizwa tu siyo ushahidi kwamba wamekunyima kwa sababu hiyo, nakubali, na huenda yule kaka aliona anapiga stori tu. Ila wale wanaume wawili mliofika nao mwisho waulize, na wao waliulizwa mtoto lini?

Baba yako anasema uandike mistari miwili ya heshima, uulize matokeo, hilo swali uliache. Mi naona... hapana, nilijiapiza sitakuamulia, kazi ni yako na kodi ya nyumba unalipa wewe. Ningekuwa mimi hilo swali lingekuwa mstari wa kwanza. Basi nimeshasema, nisamehe.

Ukiandika, nitumie kwanza niipitie kabla hujatuma. Koma bado unazisahau.

Mama yako