Filamu Nyingi Zinafia Sikioni: Ushauri kwa Wanaoshuti Mwanza

Mtazamaji wa kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea filamu, ni mvumilivu kuliko waongozaji wetu wanavyodhani. Picha yenye chenga atavumilia, na benchi lisilo na mgongo atalikalia saa mbili. Asichovumilia ni kutosikia maneno. Tazama filamu za nje zinazosimuliwa na DJ kwa Kiswahili: sauti ya msimuliaji iko juu ya kila kitu, kila mtu anajua nani kamdhulumu nani, na kibanda kinajaa. Halafu inawekwa filamu yetu, ya lugha yetu wenyewe, na watu wanaulizana "kasemaje?" Wakiulizana mara ya tatu, simu zinatoka mfukoni.

Kwa hiyo kama pesa inatosha kitu kimoja tu, lenzi mpya au maiki nzuri, nunua maiki.

Ile maiki iliyopachikwa juu ya kamera isahau. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya mwigizaji inashuka kwa desibeli 6 hivi, ila kelele za bodaboda zinabaki vilevile. Maiki ya fimbo ikae kama nusu mita kutoka mdomoni, juu kidogo ya fremu, ielekezwe kifuani. Ya kubana kwenye nguo ikae kama shibiri moja chini ya kidevu, na hapo uangalie kitambaa: kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza kila mwigizaji anapopumua, hivyo kifuliwe kwanza. Ukipima kwenye mita ya kinasa sauti, sauti ya juu kabisa icheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga sifuri imepasuka, na hakuna mhariri wa kuiunganisha. Wanaoshuti kwa simu wazime marekebisho ya sauti ya kujiendesha, maana mwigizaji akinyamaza simu inapandisha kelele za nyuma, na kimya chako cha majonzi kinajaa mngurumo.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Asubuhi maji hutulia. Nchi kavu ikishapata joto, kuanzia mchana hivi, upepo unaingia kutoka ziwani, na hata maiki iliyovishwa manyoya haiumalizi wote. Sini za maongezi ufukweni, iwe Capri Point au upande wa Ilemela, zianze jua linapochomoza na ziishe saa nne. Alasiri shuti watu wakitembea, mitumbwi ikirudi, chochote kisicho na maneno. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, hairuhusu hata hilo la asubuhi: malori, wapagazi, kila mtu anapaza sauti. Chukua picha pale, kisha maongezi yafanyie kona iliyotulia inayofanana nayo.

Ndani ya nyumba adui ni vigae na kuta tupu. Sauti inarudi kama uko kisimani. Magodoro mawili yaegemeshwe ukutani nje ya fremu, blanketi moja sakafuni, na tofauti utaisikia papo hapo. Zima feni na friji, kisha funguo za gari zitumbukize ndani ya friji hiyohiyo, ili msiondoke bila kuiwasha. Sato wa mwenye nyumba wakioza, nyumba hiyo hamtaipata tena. Mabati hulialia jua linapopanda na wingu linapopita, basi nyumba ya bati isiyo na dari ipange mapema asubuhi au usiku, usiku wenyewe usiwe wa mvua. Kabla ya kufungasha, kila mtu anyamaze na mrekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba kile. Mhariri ataitumia kuziba nafasi kati ya mstari na mstari.

Filamu inayosikika vizuri bado inaweza kuchosha. Zama za DVD hadithi moja iliuzwa kwa sehemu mbili, Part 1 na Part 2, kwa hiyo ilibidi ivutwe kama mpira. Soko lile limekwisha ila mkono wake umebaki. Honi inapigwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlango, viatu, ngazi, "hodi", "karibu". Dakika nzima imekwenda na hakuna aliyetaka kitu. Kata yote. Anza mgeni akiwa ameshakaa na soda haijafunguliwa.

Kila sini iwe na mtu anayetaka kitu na mwingine anayemzuia. Chukua mfano wa mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki: mwenye mtumbwi anapokea sangara, anagundua mmoja ameshapasuliwa na bondo halimo. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, ndilo lenye bei, kila mvuvi analijua. Mwandishi mvivu atamfanya apige kelele, "Nani kaniibia bondo langu?" Sini nzuri inamwonyesha akiingiza vidole kwenye tumbo la samaki, anatulia, anavifuta kwenye suruali, halafu anamwambia kijana wake, "Leo tutakula wote kwangu." Mtazamaji anajua, kijana anajua, na hakuna atakayetoka kwenda kununua karanga.

Salamu msizifute kabisa. Kwetu salamu ni silaha. Kijana anayeingia bila kumwamkia baba mkwe ameshatangaza vita, na "shikamoo" inayokosa "marahaba" inafanya kazi ya kurasa mbili za matusi. Zinazochosha ni salamu za kujaza muda.

Lugha iwe ya mahali. Mama muuza dagaa wa Igombe anayeongea kama mtangazaji wa Dar es Salaam anaiua sini kabla hajamaliza sentensi. Mwache aseme "mwangaluka", ile salamu ya Kisukuma, mwache achanganye lugha. Ukweli wa kazi nao uhakikiwe na wenye kazi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Ukiweka mbalamwezi kubwa na taa za dagaa zimetapakaa ziwani, kibanda kizima cha Kirumba kitacheka.

Hesabu ya siku ndiyo inayoumbua watu. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Filamu ya dakika 90 kwa kurasa 5 kwa siku ni siku 18. Ukiilazimisha siku 7, ni karibu kurasa 13 kwa siku, yaani kila mstari unarekodiwa mara moja na bodaboda inayopita ndiyo hiyo hiyo inaingia sokoni. Kama pesa ni ya siku 7, andika filamu ya dakika 35. Jua la Mwanza huchelewa kuzama kwa takriban dakika 25 kuliko la Dar es Salaam, msiige ratiba ya huko. Kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya viongozi wa mwalo vipatikane kabla ya kukodi chochote.

Kabla ya kuitoa, ipeleke kibanda umiza cha mtaa wasikokufahamu, Mabatini au Igogo. Mlipe mwenye kibanda, kaa nyuma, usiseme ni yako. Usitazame filamu, tazama vichwa, na andika dakika ambayo mwanga wa simu unawaka. Maoni ya mdomo yapuuze, kwani watu wetu wana adabu, watakwambia "nzuri tu". Simu tatu zikiwaka dakika ileile, isikilize sini hiyo kwa spika mbovu ya kibanda. Kama maneno yanasikika, tatizo ni sini yenyewe, na dawa yake ni mkasi.