Kubadilisha mkanda wa saa ya thamani nyumbani: anza na pini

Saa ya mamilioni ya shilingi inashikwa mkononi na pini mbili nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Wengi wakienda kununua mkanda mpya hutazama rangi ya ngozi na mshono, halafu pini wanachukua zozote alizonazo muuzaji. Sisi tunashauri uanzie kwenye pini.

Kabla ya hapo, hakikisha saa yako ni ya kubadilishiwa mezani kwako. Omega Speedmaster, Rolex Submariner, Tudor Black Bay na Seiko za kuzamia zinatumia pini za springi, na hizo unaziweza. Cartier Santos za kuanzia 2018 zina kitufe chini ya mkanda, hazihitaji hata kifaa. Panerai Luminor nyingi zinafungwa kwa skrubu: bisibisi lake lazima lijaze mfereji wote wa skrubu, maana likiwa jembamba linateleza na kula kichwa. Royal Oak ya Audemars Piguet na Nautilus ya Patek Philippe mkanda wake umebuniwa pamoja na kasha, yaani mwili wa saa. Hizo mpelekee fundi saa mwenye vifaa vyake, usijaribu.

Sasa pima nafasi iliyopo kati ya masikio ya saa, yaani zile pembe zinazoushika mkanda. Usiingize rula ya chuma. Kata ukanda wa karatasi ngumu, uupunguze kidogo kidogo hadi uingie bila kujikunja, kisha pima karatasi. Black Bay 58 ni mm 20, Black Bay yenye kasha la mm 41 ni 22, na Submariner ya sasa yenye kasha la mm 41 ni 21. Hiyo 21 ndiyo inayosumbua, kwa sababu mikanda inayopatikana kirahisi madukani ni 18, 20 na 22. Usikubali kuambiwa "milimita moja haina shida". Mkanda wa 20 kwenye nafasi ya 21 unacheza kushoto na kulia na pini inaonekana pembeni. Wa 22 unajikunja na ngozi inakatika ubavuni.

Tukirudi kwenye pini: ni bomba dogo lenye springi ndani, na kila mwisho una ncha inayoingia kwenye tundu la sikio. Nyuma ya ncha kuna bega dogo, kama kola ya shati, na hapo ndipo kifaa kinaposhika. Pini za mikanda ya ngozi kwa kawaida zina unene wa mm 1.5. Seiko za kuzamia zinatumia nene za mm 2.5. Unene wa bomba usikudanganye, tazama na ncha pia: ncha nyembamba kuliko tundu inacheza, inalipanua tundu taratibu, na siku ukigonga mkono kwenye mlango wa gari inachomoka. Ibane pini mpya kwa kucha mbili. Ncha zote ziingie na kurudi haraka, kwa nguvu sawa. Inayorudi kwa kusitasita au iliyopinda hata kidogo, itupe. Anayevaa saa kila siku na kutoka jasho jingi abadilishe pini kila mwaka hata kama mkanda bado mzima.

Kiangazi cha Arusha kina vumbi, na anayepita njia za Simanjiro au mbugani analijua zaidi. Vumbi hilo huwa na chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha pua, na zikikaa kati ya mkanda na sikio, kila msukumo wa kifaa unazisugua kwenye chuma kilichong'arishwa. Kwa hiyo safisha kwanza. Kama saa ni ya kuzamia na taji lake, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, limefungwa sawasawa, tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Vinginevyo futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu na toa uchafu kwa kijiti cha meno.

Tandika taulo ndani ya sinia lenye ukingo, ili pini ikiruka isipotelee chini ya kabati. Kifaa kizuri ni kile chenye uma upande mmoja na ncha upande mwingine. Bergeon 6767 ya Uswisi ndiyo mafundi wengi wanayoiamini. Kisu, sindano ya kushonea na mkasi wa kucha viache mbali. Kisha bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi magari, juu na ndani ya kila sikio, ukiacha wazi pale uma utakapopita tu. Watu wa haraka huiruka hatua hii. Usiiruke, hasa kama saa ni ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu ni laini kuliko chuma.

Laza saa kifudifudi. Ingiza uma kati ya mkanda na sikio hadi uhisi umekaa nyuma ya lile bega. Sukuma kuelekea katikati ya mkanda, usisukume kuelekea kwenye kasha. Mkwaruzo mwingi unatokea hapa: mtu anainua kifaa juu kama anayefungua soda, uma unateleza, na chuma kinabaki na alama. Ncha ikitoka, inua mkanda upande huo na pini itafuata. Kama sikio lina tundu lililotobolewa hadi nje, mambo ni rahisi zaidi, sukuma kwa ile ncha kutoka nje. Pini ikigoma kwa kutu na chumvi ya jasho, na mkanda ni wa ngozi uliochakaa, kata ngozi kwa mkasi karibu na kasha ili uione pini vizuri. Tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye kijiti cha meno, nusu saa ya kusubiri, kisha jaribu tena.

Kufunga: kipande chenye bizimu kinakaa upande wa namba 12, kirefu upande wa namba 6. Saa ikiwa kifudifudi ni rahisi sana kugeuza, basi itazame usoni kwanza. Ncha ya chini iingie kwenye tundu, ya juu ibane kwa uma na uitelezeshe ndani ya sikio hadi isikike ikijifunga, "ta". Usiiamini sauti peke yake. Shika kasha, vuta mkanda kwa nguvu ya kiasi kuelekea pande zote, kisha sukuma pini pembeni kwa ncha ya kifaa. Pini iliyoketi ukingoni mwa tundu huonekana imekaa sawa kabisa, na hapo juu ya taulo ndipo pa kuigundua.

Kwa waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro tunapendelea mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule uliowekewa viwango na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwaka 1973. Unapita chini ya pini zote mbili, kwa hiyo moja ikichomoka saa bado inaning'inia kwenye ya pili. Chukua mrefu kama utaivaa juu ya koti.

Ngozi kwa joto la Moshi ipumzishe siku moja baada ya kuivaa, kivulini, si juani. Ukitaka kushonewa na fundi ngozi, mwandikie vipimo: upana wa masikioni, upana wa bizimu, mm 75 kipande kifupi na 115 kirefu kwa mkono wa kawaida, unene wa mm 2 mkiani. Mpe na pini utakazotumia, atoboe kwa kuzifuata.

Bizimu na mkanda wa asili usiviache kwa fundi. Vina thamani siku ya kuuza saa. Vihifadhi kwenye boksi lake pamoja na pini za zamani katika kifuko kidogo, uandike juu yake upana wa mm na tarehe uliyofunga zile mpya.