Tangi la matumbawe la lita elfu moja nyumbani: mabomba, joto na umeme kabla ya samaki

Kioo cha sentimita 200 kwa 75, kimo sentimita 65, kinabeba lita 975. Huo ndio ukubwa unaozungumziwa hapa, pamoja na sampu, yaani tangi la pili la kuwekea pampu na vichujio, ya lita 250 chini yake. Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu matangi kama haya umeandikwa na watu wa nchi za baridi wanaohangaika kupasha maji moto. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ana shida ya kinyume, na akifuata orodha zao atanunua hita asiyoihitaji na kusahau cha kupozea.

Uzito kwanza. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo tangi hili la milimita 15 pamoja na mikanda yake ya juu ni kama kilo 200. Weka maji, mawe, mchanga, stendi na sampu, unafika tani 1.6 zilizokaa juu ya mita moja na nusu ya mraba. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo chini kabisa, juu ya zege lililokaa kwenye ardhi, hakuna tatizo; juu ya ghorofa usithubutu bila mhandisi aliyeiona michoro ya nyumba.

Stendi ya chuma cha mraba cha milimita 50 inatosha, mradi ipakwe rangi ya epoksi kila mahali, hata ndani ya kona, maana hewa ya chumvi hula chuma kimya kimya. Ipime kwa pima maji kabla ya tangi kupanda. Fundi wa vioo aambiwe mambo mawili mapema: matundu yatobolewe kabla ya kuunganisha, na kioo kisiwe kile kilichokaangwa kwa moto ili kiwe kigumu (tempered), maana hicho kikiguswa na keekee husambaratika chote. Silikoni iwe ile tupu yenye harufu ya siki. Ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu ina dawa ndani yake, na dawa hiyo haiwajui adui wala rafiki. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza tangi maji ya bomba nje ya nyumba, likiwa juu ya stendi yake, uliache siku saba nyingine. Kiungo kikivuja barazani unakausha na kupaka upya. Sebuleni ni habari nyingine.

Sasa mabomba, na hapa usiharakishe. Maji yanashuka kutoka kwenye tangi kwenda kwenye sampu kwa mabomba matatu, si moja. La kwanza hujaa maji tupu bila hewa na lina valvu ya kurekebisha. Hilo ndilo linalobeba karibu mzigo wote, na kwa sababu halina hewa halina kelele. La pili hupokea mchirizi mdogo unaobaki. La tatu mdomo wake uko juu zaidi ya yale mengine na siku zote ni kavu, linangoja siku konokono atakapoingia kwenye la kwanza na kuliziba. Ukimaliza kufunga, ziba la kwanza kwa mkono makusudi, uone kama hayo mawili yanamudu. Usipolijaribu leo utalijaribu usiku wa manane.

Upande wa kupanda una mtego wake. Pampu ikizimika, maji yaliyomo kwenye bomba la kurudisha hugeuka na kuvutwa kurudi chini mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Kwenye tangi hili kila sentimita moja ya kimo ni lita 15. Mdomo ukiwa sentimita 4 chini ya uso wa maji, lita 60 zitashuka kwenye sampu, juu ya zile zilizokuwa njiani. Watu hutoboa kitundu kidogo cha kuingiza hewa ili kuvunja mvuto huo; mwani hukiziba ndani ya miezi michache. Weka mdomo wenyewe sentimita moja tu chini ya uso, zima umeme, subiri maji yatulie, kisha uchore mstari kwa kalamu ya wino kwenye sampu. Wakati pampu inafanya kazi, maji ya sampu yasizidi kiwango ambacho, pampu ikizimika, kitayafikisha ukingoni.

Mabomba yawe ya PVC ya inchi moja na nusu kwa kushuka, na viungo vya kufungulika kila unapoweka pampu au valvu, ili siku ya matengenezo usikate kitu. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa valvu ya shaba nyeupe au ya njano kwa sababu ndiyo iliyopo rafuni. Irudishe. Shaba huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi na huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiwango ambacho samaki hata hawakihisi.

Pampu ya kurudisha ilete lita 4,000 hadi 5,000 kwa saa baada ya kupanda kimo chake. Tarakimu ya kwenye boksi imepimwa bila kupanda popote, kwa hiyo nunua kubwa kuliko hiyo. Mkondo ndani ya tangi lenyewe ni kazi ya pampu nyingine ndogo za ukutani, mbili hadi nne, zenye jumla ya lita 20,000 hadi 30,000 kwa saa, zikielekezwa zigongane ili maji yasukume huku na huku.

Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvichumvi na chokaa, na ya bomba yana klorini, kwa hiyo mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando, yenye kichujio cha mwisho cha resini haikwepeki. Mita ya TDS, inayopima chumvi na madini yaliyoyeyuka, isome sifuri. Wengi wanaifunga kwenye bomba linalotoka tangi la juu ya paa, halafu wanashangaa inadondosha matone. Kimo cha mita tano kinatoa shinikizo la nusu baa tu, wakati utando wa RO unataka baa tatu hadi nne. Unahitaji pampu yake ya kuongeza shinikizo. Chumvi ya akwaria kwa mfumo mzima ni kilo 40 na ushee, kwa gramu kama 36 kila lita, mpaka refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isome 35 kwa elfu. Refraktomita isahihishwe kwa maji ya kipimo ya 35, si kwa maji safi.

Je, kwa nini usichote baharini, bahari iko hapo? Inawezekana, na gharama inashuka sana, ila si maji ya popote. Yachotwe wakati maji yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na si masika. Yapitishwe kwenye kichujio cha mikroni 5, kisha yawekwe klorini: mililita 200 za dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa lita 1,000. Yapigwe hewa kwa saa 24, klorini inayobaki iuliwe kwa sodiamu thiosulfeti, na upime mpaka isome sifuri kabla ya tone kuingia kwenye tangi.

Joto. Matumbawe yanataka nyuzi 25 hadi 27. Yakikaa wiki kadhaa juu ya 29 au 30 hufukuza mwani unaoishi ndani ya nyama yao na kubaki meupe. Ndivyo yalivyofanya kwenye miamba ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, na tena 2016 na 2024. Sebule ya Dar mwezi Februari bila kiyoyozi inafika huko bila msaada wa mtu. Kisha kila wati inayoingia kwenye pampu zako inaishia kuwa joto ndani ya maji: pampu na skima (kichujio kinachotoa uchafu kwa mapovu) za wati 200 kwa jumla zinamwaga takribani yuniti 4.8 kila siku.

Njia rahisi ni feni zinazopuliza juu ya sampu. Lita moja ya maji inayogeuka mvuke inaondoka na joto la karibu theluthi mbili za yuniti, hivyo lita saba kwa siku zinafuta joto lote la hizo pampu. Feni zinaweza kushusha nyuzi mbili au tatu. Shida ni kwamba hewa ya pwani tayari imeshiba unyevu, na siku inayobana kweli ndiyo siku feni zinafanya kazi kidogo. Kwa hiyo chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya nusu nguvu ya farasi ni sehemu ya bajeti ya mwanzo. Ikae nje, barazani kwenye kivuli. Ukiiweka ndani ya kabati la stendi inavuta joto kutoka kwenye maji na kulipuliza kwenye sampu, kama mtu anayepakua mchanga lori moja na kuurudisha lilelile. Vilevile weka kifaa cha kujaza maji safi chenyewe kwa kuelea, maana mvuke huondoka na chumvi hubaki: tangi hili hupoteza lita 10 hadi 15 kwa siku, na zaidi feni zikiwaka.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni, na saa chache zinatosha kwenye tangi lenye samaki wengi. Huhitaji jenereta ya kuendesha kila kitu. Betri ya 12V yenye Ah 100, ukitumia nusu ya uwezo wake, ina wati-saa 600. Pampu moja ya ukutani ya wati 30 inayokoroga uso wa maji itakwenda usiku kucha, hata ukitoa hasara ya inveta. Chila na taa zisubiri. Vifaa vyote vipite kwenye kilinda-volteji, kwa sababu umeme unaporudi ndipo unapochoma, na kwenye breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili maji yanayofuata waya yadondokee sakafuni.

Mawe: usichukue matumbawe baharini, hai wala yaliyokufa. Sheria za Kenya na Tanzania zinakataza, na matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ya kuagiza nje yanakuja na karatasi zake. Kuna mawe makavu ya dukani, na kuna mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Haya ya pili yanafaa ukichagua mepesi yenye vitundu, ukayaloweka kwenye dawa ileile ya klorini wiki moja, ukayasuuza na kuyaanika juani. Kilo 60 hadi 70 zinatosha. Yapange juu ya kioo chenyewe kabla ya mchanga, samaki asije akafukua chini yake. Na jiwe lililowahi kuwa ndani ya tangi lisichemshwe jikoni kamwe: aina fulani za matumbawe laini yanayofanana na vitufe zina sumu ya palitoksini, na mvuke wake umepeleka familia nzima hospitalini.

Maji yakiwa tayari, weka amonia mpaka miligramu 2 kwa lita na chupa ya bakteria. Baada ya wiki tatu hadi sita amonia hiyo itakuwa inaisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo ni sifuri. Kisha kioo kinageuka kahawia, halafu kijani. Acha kipite. Kosa kubwa hapa ni kubana virutubisho mpaka sifuri. Nitreti na fosfeti zikiisha kabisa huja utelezi wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuliko mwani wowote. Nitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti 0.03 hadi 0.1 ni mahali pazuri.

Alkali iwe 8 hadi 9 dKH (nyuzi za Kijerumani za kupimia kaboneti), kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1,300. Kinachoyumba kwanza ni alkali. Kupandisha lita 1,000 kwa dKH moja kunataka gramu 30 za bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, na usipandishe zaidi ya dKH moja kwa siku. Magadi ya kuchemshia maharage hayaingii humu: yana kaboneti, udongo na floridi. Njia nafuu ya kila siku ni chokaa safi ya daraja la chakula, gramu moja na nusu kwa lita ya maji ya kujazia, yakidondoka polepole. Yakimwagika kwa mkupuo, pH hupaa na maji yote huwa kama maziwa, na pampu hugandiwa.

Taa nne za LED, saa nane hadi kumi, kwa kuanzia asilimia 30 na kupandisha kwa mwezi mzima.

Kila samaki akae wiki nne kwenye tangi la pembeni kwanza, kwa sababu vimelea vya madoa meupe vikishaingia dawa yake ni shaba, na shaba hairuhusiwi kwenye tangi la matumbawe. Ikitokea, samaki wote watoke na tangi likae bila samaki siku 76. Tasi mmoja ni mla mwani mzuri. Kikande atamaliza kamba na konokono, muache. Kitatange wengi wanadonoa matumbawe. Yule kangaja wa buluu mwenye kichwa cheusi, ambaye kila mtu anamtaka kwanza, ndiye anayeshika madoa meupe upesi kuliko wote na hapendi kangaja mwingine aje baada yake kumkuta. Aingie wa mwisho, tangi likiwa limefikisha angalau miezi sita.