Borrow na lend: sahau kuazima, shika kopa na kopesha
Pole ndugu, hiyo ya kumwandikia bosi "please borrow me your laptop" ofisi nzima ikacheka wala hauko peke yako, mimi nimeisema miaka na miaka. Shida inatoka kwenye kuazima yetu, inaenda pande zote mbili: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwake" neno ni lilelile, Kiingereza hakikubali hivyo.

Mimi niliponea kwa kuiacha azima kabisa, kichwani natumia kopa na kopesha hata kama kitu chenyewe ni mwiko wa ugali. Anayepokea anakopa, hiyo ndo borrow, na nyuma yake inakuja from. Anayetoa anakopesha, hiyo ni lend. Kwa hiyo bosi ungemwambia "please lend me your laptop" au "can I borrow your laptop?" zote freshi. Na jana ni lent, sio lended (hii bado inaniponyoka nikiongea haraka).

Ukishaizoea hiyo -sha ya mwisho wa kopesha utaona kumbuka na kumbusha nazo ziko hivyohivyo, remember na remind. "Remember me to call him" ni kosa lilelile limebadilisha shati.

Ila umesema pia umeletewa fomu ya mkopo ya Kiingereza, hapo usibahatishe. Lender ni anayekudai, borrower ni wewe, na riba ikikuchanganya mpe mwanasheria aisome kabla hujasaini.